Maziwa Yanayogeuka Kelele

Jumapili hiyo mshale wa mizani ulipanda, ukatetemeka, ukasimama karibu na pale uliposimama Jumapili zote zilizotangulia. Kisha, kana kwamba haujawakera watu vya kutosha, ukarudi nyuma kidogo.

Mzee Ratili aliinama, akafumba jicho moja, akausoma upya. Hamsini na nusu. Akatoa arobaini na saba kichwani, hesabu ambayo angeweza kuifanya usingizini, na siku hizi nusu ya mambo yake aliyafanya kama mtu aliye usingizini.

"Kilo tatu na nusu," akasema. "Amepungua."

Binti yake alikuwa bado juu ya jukwaa la mizani, mtoto kamkumbatia kifuani kwa mkono mmoja, wa pili kashikilia chuma cha pembeni. Aliyejibu ni mtoto, ambaye alifungua kinywa akalia kilio cha kuwaita majirani, na majirani walikwisha kukizoea.

"Amepungua kweli, baba?"

"Mizani ina sababu gani ya kukudanganya?"

Aliyasema hayo bila ukali na bila huruma, kama mtu anayetaja saa. Ndivyo alivyokuwa tangu alipofiwa na mkewe, wiki chache kabla ya mjukuu kuzaliwa. Watu walingoja aanguke, aumwe, ajigonge kichwa ukutani. Yeye akarudi kazini. Hakuwa na huzuni wala furaha. Alikuwa na ganzi, ile ya mguu uliokaliwa, ila yake ilianzia utosini. Chakula kilikuwa kitu cha kutafuna. Simu ikilia, ililia. Ukimwambia pole alisema asante, na ungemwambia nyumba yako inaungua angesema asante vilevile.

Jina la Ratili alipewa na wapagazi wa ghala la nafaka, alikofanya kazi ya kupima tangu ujana wake. Walisema ukimpa gunia alishike kwa mkono mmoja tu, atakuambia limeibwa vikombe vingapi njiani. Walitia chumvi, lakini si sana. Hata mizani hii ya nyumbani ilitoka ghalani, chuma kitupu, ya kupimia magunia. Ilipotupwa kupisha ile ya umeme, yeye aliikokota mpaka kwake, akaifungua, akaisugua, akaitia mafuta, akaiweka ukumbini mahali ambapo watu wengine huweka televisheni. Mkewe aliipigia kelele mwezi mzima, kisha akaanza kuitundikia nguo zilizopigwa pasi.

Binti alikuja kujifungulia kwao, kama alivyopatana na mama yake. Mumewe alikuwa mchimba visima, kazi ya kuhamahama, na simu yake ilipatikana siku mtandao ukipenda. Basi mama akafa, mapatano yakabaki. Mtoto akazaliwa katika nyumba ambayo babu alikuwa hasikii kitu, na mama mtu hajui ashike lipi aache lipi.

Kliniki walikwenda. Lakini siku waliyokwenda mizani ya pale ilikuwa mbovu, na muuguzi akamtazama mtoto juu chini, akasema anaendelea vizuri. Mzee Ratili aliposimuliwa, huo ndio wakati pekee katika miezi hiyo alioonekana kukasirika.

"Kwa jicho? Mtu anapimwa kwa jicho?"

Akaamua atampima mwenyewe kila Jumapili. Tatizo ni kwamba mtoto hakukubali kulazwa juu ya chuma. Alirusha miguu, akajipinda, mshale ukacheza usisomeke. Basi mzee akatumia njia ya ghalani. Ghalani kila toroli limeandikwa uzito wake ubavuni kwa rangi nyeupe. Huna haja ya kulipima toroli kila safari. Unapima toroli na mzigo wake, unatoa namba ya rangi, kinachobaki ndiyo nafaka. Siku ya kwanza alimpima binti peke yake, arobaini na saba, maana alikuwa mwembamba tangu utotoni. Akampima yeye na mtoto, hamsini na moja. Mtoto kilo nne kamili. Tangu siku hiyo kazi ikawa rahisi, wanapanda wote wawili, mzee anatoa, na kila Jumapili jibu ni lilelile. Nne. Nne kasoro. Nne. Na leo tatu na nusu.

Simu ililia kabla binti hajashuka kwenye mizani. Alikuwa mama mkwe wake, na sauti yake haikuhitaji kipaza sauti.

"Mmempima?"

"Tumempima, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kaongezeka?"

Binti akamtazama baba yake. Baba yake akatazama mshale.

"Kapungua kidogo, mama."



"Basi Jumamosi nakuja," mama mkwe akasema. "Sikuchukii, mwanangu, usije ukasema nakuchukia. Umefiwa, mwili hauna maziwa, si kosa lako. Nikimkuta yuko hivyo namchukua nikamlee mimi, kwa maziwa ya kopo. Wewe utabaki hapo na baba yako upumzike. Nimeshazungumza na mumeo na amekubali."

Binti alishuka kwenye mizani, akakaa, akamkumbatia mtoto kama mtu anayesubiri basi lenye wezi. Hakulia. Katika nyumba ile kulia walikwisha kumwachia mtoto.

Mchana alikuja mjomba wake, kaka wa marehemu, mwalimu wa fizikia ambaye wanafunzi walimpa jina la Kanuni, kwa sababu hakuweza hata kuomba chumvi bila kuanza na "kwa mujibu wa kanuni". Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kanuni alikuwa na kipara, lakini hilo halikumzuia.

"Tatizo nimeshaligundua," akasema akivuta kiti mezani, walipokuwa wakila. "Mada na nishati ni kitu kimoja. Hilo si langu, ni la ulimwengu. Uzito ukipotea usidhani umekufa, umegeuka nguvu. Sasa jibuni. Maziwa yanaingia?"

"Yanaingia, mjomba. Ananyonya mpaka nasikia kizunguzungu."

"Uzito unaonekana?"

"Hauonekani."

"Kinachotoka ni nini?"

Mtoto alimjibu mwenyewe, kwa kilio kilichotikisa vikombe.

"Kelele!" Kanuni akapiga meza. "Anageuza maziwa kuwa kelele moja kwa moja, bila kupitia kwenye nyama. Huyu si mtoto, ni mtambo. Mnajua, kijiko kimoja cha maziwa, kikigeuka chote lisibaki tone, kingewasha taa za mji huu wiki nzima!"

"Basi mwambie aanze na hii," binti akasema, akiitazama taa ya dari. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi.

Kanuni alicheka mpaka akakohoa. Binti naye akatabasamu, tabasamu dogo la kumridhisha mgeni. Mzee Ratili aliendelea kutafuna.

"Na wewe shemeji, wewe ni kinyume chake," Kanuni akamgeukia. "Kwako nishati yote imerudi kuwa mada. Umekaa hapo kama gunia la chumvi."

"Chumvi ni nzito kuliko nafaka," Mzee Ratili akasema. Hakuwa akitania, alikuwa akitoa taarifa.

"Ndiyo! Na chai hii ikiwa ya moto ni nzito kuliko ikipoa. Simu ikijaa chaji ni nzito kuliko ikiisha. Kanuni hiyo."

Mzee Ratili alinyanyuka, akaichukua simu yake iliyokufa chaji na ya Kanuni iliyojaa, akaziweka kwenye mizani ya magunia, moja baada ya nyingine. Mshale haukushughulika nazo hata kidogo.

"Mizani yako haina uwezo wa kuona kitu kidogo namna hiyo," Kanuni akasema.

"Haioni. Inapima," mzee akajibu, akarudi kwenye chakula chake.

Utani ulipoisha wakaingia kwenye jambo lenyewe, yaani sahani ya binti. Kila Jumapili mizani ilipotoa habari mbaya, palikuwa na mtu wa kusema maziwa ya mama yana kasoro, na kasoro lazima iwe imetoka kwenye chakula. Jirani alianza na maharage, akasema yanatia gesi. Yakaachwa. Jumapili iliyofuata zikaachwa karanga. Kisha samaki, kwa sababu ya harufu. Kisha mayai, eti yanamfanya mtoto awe mzito wa kuongea, kana kwamba huyu alihitaji msaada wa kuongea. Kanuni, mtu wa sayansi, aliondoa kabichi kwa hoja ndefu ambayo hakuna aliyeielewa. Na nyama aliitoa Mzee Ratili mwenyewe. Alisema tu, "Acha na nyama, tuone," kisha akaichukua ile ya sahani ya binti akaila, maana yeye hakuwa amekatazwa.

Sasa binti alikuwa amebaki na viazi vya kuchemsha, wali mweupe na chai ya rangi.

"Labda ni wali," akasema taratibu. Mkono wake ulikuwa umesukuma sahani mbali. "Wiki hii nitaacha wali. Mpaka Jumamosi."

Wanaume wawili wakatikisa vichwa kukubali, yule kwa elimu na huyu kwa ganzi. Ungekuwepo ungewachapa wote wawili. Lakini hapakuwa na mtu wa kuwachapa. Aliyekuwa na kazi hiyo alikuwa amezikwa.

Tusiseme hapakuwa na dalili. Nguo za mtoto zilikuwa zimembana mpaka vifungo vinaomba msamaha, na Mzee Ratili alisema sabuni za siku hizi ni mbaya, zinasinyaza nguo. Binti alilalamika mikono inamuuma kwa kumbeba, akaambiwa analala vibaya. Jirani alimpakata siku moja akasema mbona huyu jiwe, na mzee akasema maneno ya jirani hayana mshale. Ukiishi na mizani muda mrefu, macho yanakuwa pambo la uso.

Yeye mwenyewe angeweza kuyamaliza haya siku ya kwanza, kama angembeba mjukuu wake. Hakuwahi. Wakimwambia mshike, alisema mikono ina vumbi la ghala. Akishaoga, alisema ina maji. Ikikauka, alikuwa ameshatoka.

Sababu hakumwambia mtu. Asubuhi ile ya mwisho alimbeba mkewe kutoka kitandani mpaka kwenye gari la jirani, na mikono yake, bila kuombwa, ikapima. Alikuwa akiomba Mungu kwa mdomo, na mikono inampa kilo. Na kilo zilikuwa chache mno, chache kuliko za mwanamke yeyote mzima aliyemjua. Alilala naye kitanda kimoja huku mke akipungua usiku baada ya usiku, yeye mpimaji, na hakujua mpaka alipombeba. Namba ile ilikaa kichwani mwake mahali ambapo huzuni ingekaa, na huzuni ikakosa nafasi. Tangu hapo hakutaka kumbeba mtu yeyote.

Ghalani walimsifu. Msimamizi alimwambia mbele ya wapagazi kwamba tangu afiwe hajakosea hata mara moja: hasogoi, hana haraka, haoni mzigo wa rafiki wala wa adui. "Mpimaji anatakiwa awe hivi," akasema. Wapagazi wakainamisha macho, maana waliona aibu kwa niaba yake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini wao kazi yao ilikuwa mizigo, na huu waliuona. Mzee Ratili alisema asante, akavuta toroli lingine, akatoa namba ya rangi, akataja nafaka.

Jumamosi ikafika, na mama mkwe akafika nayo.

Alikuwa mshonaji, mwanamke wa mwili na wa sauti, na futi yake ya kitambaa ilining'inia shingoni hata safarini, kama daktari na kipimo chake. Kanuni alikuwepo tangu mapema. Hakutaka kukosa jambo linalohusu maumbile. Binti alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwisho karibu na mlango wa chumbani, mtoto kifuani, na alipoombwa ampe bibi yake alimkumbatia zaidi.

Mama mkwe hakulazimisha. Aliinama akamtazama mtoto usoni, kisha mashavuni, kisha kwenye mikunjo ya mapaja.

"Ndiye huyu?" akauliza. "Huyu ndiye mnasema amekonda?"

"Tatu na nusu, mkwe," Mzee Ratili akasema. "Nimempima mwenyewe."

"Mbona naona mashavu?"

"Macho yanaona mengi. Mizani hii nimeifungua na kuifunga kwa mikono yangu. Haikosei hata ganda la mpunga."

Mwanamke akaizunguka ile mizani, akaigusa chuma chake kwa heshima. Yeye alijua nguo, kilo hazikuwa fani yake, na mtu mwenye fani huheshimu fani ya mwenzake. Huo ndio mwanzo wa makosa mengi.

"Sasa mtoto mkubwa hivi mwenye kilo tatu na nusu," akasema polepole, "ndani yake kuna nini?"

"Kwa mujibu wa kanuni," Kanuni akasema, "kitu chenye ujazo mkubwa na uzito mdogo kimejaa hewa."

"Uvimbe!" Mama mkwe akajishika kifua. "Mungu wangu, mtoto amevimba, na nyinyi mnanitazama!"

Hapo nyumba ikageuka. Kanuni alianza kuuliza teksi inapatikana wapi. Mama mkwe alisema hospitali sasa hivi, na akitoka hospitali ni moja kwa moja kwake, hapana mjadala tena. Akamgeukia binti. "Nenda kafungashe vitu vyake. Na hilo gauni nilikushonea mimi likukae mwilini, mbona linakupwaya hivyo? Badilisha, tunatoka."

Binti alisimama. Uso wake ulikuwa mtupu. Hata hofu ilikuwa imechoka. Alikuwa hajala kitu cha maana tangu aache wali, na alinyonyesha kutwa kucha ili Jumamosi imkute mtoto ameongezeka hata kidogo. Akapiga hatua kuelekea mlango wa chumbani, akasimama, akaweka kiganja ukutani.

"Baba," akasema. "Mshike."

Halikuwa ombi. Magoti yalikuwa yanamwachia, na baba yake ndiye aliyekuwa karibu. Hapakuwa na nafasi ya kusema vumbi wala maji. Mzee Ratili akafungua mikono, na mjukuu wake akatua ndani yake.

Mikono ikapima.

Kilo saba na robo.

Alisimama. Akamnyanyua kidogo, akamshusha, kama afanyavyo na gunia la mtu anayemshuku. Saba na robo. Mtoto aliacha kulia, akamtazama babu huyu asiyemfahamu, akamkamata sikio na kulivuta kwa nguvu za mtu anayekula vizuri.

Mikono yake haikuwa imemdanganya maisha yake yote. Mizani nayo haikuwa imemdanganya. Alisimama katikati ya vitu viwili alivyoviamini, na watu watatu wanampigia kelele alete mtoto gari linaitwa. Hakuwasikia. Alivuta shuka kutoka kwenye kiti, akalikunja, akalitandika kwenye jukwaa la mizani, akamlaza mtoto. Mtoto alikuwa amechoka kwa kulia tangu alfajiri. Alinyoosha miguu akatulia, akiitazama dari.

Mshale ukapanda, ukasimama. Saba na robo.

"Mizani imepona!" Kanuni akasema.

"Haikuwa inaumwa," mzee akajibu.

Mama mkwe alishika futi yake kwa mikono miwili. "Saba? Saba ni nzuri?"

"Ni nzuri, mkwe. Mtoto ni mzima. Alikuwa mzima siku zote."

Mama mkwe akapiga makofi, akamshukuru Mungu kwa sauti ya kufika barabarani, akamtukana Kanuni na hewa yake, akajitukana mwenyewe. Binti alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, anacheka bila sauti.

"Haondoki?" akauliza. "Mama, hamchukui?"

"Nimchukue nimpeleke wapi na unene huu? Atavunja kitanda changu! Kaa naye, mwanangu. Kaa naye."

Binti akafunika uso kwa viganja. Kwa kweli ilikuwa furaha, furaha ya kwanza kuingia nyumba ile tangu msiba, na ungedhani mambo yameishia hapo. Kanuni alikuwa ameshaanza kueleza kwa nini yeye alijua tangu mwanzo.

Mzee Ratili alikuwa bado ameinamia mshale. Mpimaji akishapata namba moja mpya, namba zote za nyuma lazima azirudie. Jumapili walikuwa hamsini na nusu. Toa saba na robo. Akatoa. Akatoa tena, polepole, kama mtoto wa shule anayetumia vidole.

"Mwanangu," akasema. "Njoo usimame hapa."

"Mimi? Mimi nina nini, baba?"

"Njoo tu."

Akamnyanyua mtoto kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akamsaidia binti kupanda. Akaushika mkono wake, na mfupa wa kiwiko ukamchoma kiganja. Mshale ukapanda, lakini haukwenda mbali. Ulisimama arobaini na tatu kasoro. Hata tangu Jumapili alikuwa amepungua, Jumapili ile ya wali.

Hapo ndipo alipomtazama. Si mshale, bali yeye. Mashimo juu ya mifupa ya mabega. Shingo. Gauni limesimama peke yake, na mtu yuko mahali fulani ndani yake. Alikuwa amempandisha hapa kila wiki, amemwambia simama wima, amemwambia usitikisike, na hakuwahi kuinua macho kutoka kwenye mshale kumwona anayempima. Ile arobaini na saba aliyokuwa akiitoa ilikuwa ya mwanamke ambaye hayupo tena. Na kila alipotangaza jibu lake la uongo, kitu kimoja kilitoka kwenye sahani yake, akazidi kupungua, na jibu likazidi kuwa baya. Alikuwa akimnyima chakula kwa hesabu.

Ganzi ikitoka mguuni huwa inauma, na mtu hujikuta anatamani irudi. Ilimtoka mzee hapohapo, mbele ya watu, kuanzia utosini, na ilimuuma.

"Kwa mujibu wa kanuni, uzito hau..." Kanuni akaanza. Alikuwa ameuona mshale. Alimtazama mpwa wake juu ya mizani, akamtazama mtoto mnene, akaelewa ulikotoka na ulikokwenda. Akakaa kitini, akavua miwani.

"Baba, kuna nini?" binti akauliza. "Unanitisha."

"Ni mimi," Mzee Ratili akasema. "Nilikufanya toroli, mwanangu."

Akamweleza. Alieleza vibaya, maneno yakigongana, lakini namba alizitaja zote. Binti alisikiliza mpaka mwisho, ameshikilia chuma cha pembeni.

"Kwa hiyo mtoto hana kitu?"

"Hana kitu."

"Maziwa yangu hayana kasoro?"

"Hayana. Hayakuwahi kuwa nayo."

"Basi sawa," akasema, na akashuka taratibu kama mtu aliyemaliza shughuli iliyomleta.

Mzee Ratili hakuweza kulivumilia lile "basi sawa". Angemtukana, angevunja kikombe, ingekuwa nafuu. Alikwenda jikoni na mtoto mkono mmoja. Hakuwa ameingia jikoni mle tangu mkewe afe. Chakula kilikuwa kinatokea tu mezani, na hakuwa amejiuliza ni nani anayekileta, na anakipika akiwa amekula nini. Trei ya mayai ilikuwa juu ya kabati, inangoja wageni. Akawasha jiko. Akavunja mayai manne, ganda likaingia, akalitoa kwa kidole akaungua. Yakashika upande mmoja, yakawa meusi. Akayatia kwenye sahani hivyohivyo na mkate juu yake, akaja akapiga magoti pale binti alipoketi.

"Kula."

"Mayai, baba? Si tulisema..."

"Tulisema upuuzi. Kula."

Binti akachukua kipande. Akakitafuna polepole, halafu si polepole tena. Alikula kwa mikono miwili, ameinama, bila kumtazama mtu, akafuta sahani kwa mkate mpaka ikang'aa. Mama mkwe aligeukia dirishani. Machozi ya Mzee Ratili yalikuwa yanamdondokea mtoto kichwani na hakuwa na jinsi ya kuyafuta, basi mama mkwe akarudi akamchukua mtoto mikononi mwake, ili mzee apate mikono miwili ya kulilia.

Binti akainua sahani tupu. Aliiinua kwa aibu kidogo, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo na mama yake yuko jikoni.

"Yapo mengine?"

Mzee Ratili akasimama, akarudi jikoni, akayavunja yote yaliyobaki.